Picha ya Kupumzisha Macho

Bandeji ilipofunuliwa, harufu ilitangulia, usaha ukafuata. Muuguzi aliziba mdomo kwa kiwiko akakimbilia sinki. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani, akalaani kimoyomoyo siku aliyopangiwa wodi ile.

Mke wa mgonjwa hakukunja hata uso. Aliinamia kidonda cha mgongoni, kipana kama kisahani cha chai, kijani pembezoni, akakipangusa kwa utulivu wa mtu anayefuta meza. Kisha akanawa mikono, akaketi palepale kando ya beseni la matapishi, akafungua mkate wake na yai, akala.

"Huyu mama pua yake kaiacha nyumbani," muuguzi alimnong'oneza daktari, macho yamemjaa machozi.

Daktari hakucheka. Alikuwa mtaalamu wa ubongo, na utafiti wake wote ulihusu jambo moja: kinyaa. Kinaanzia wapi kichwani, kinamkinga mtu na maradhi gani, na anayekipoteza anapoteza nini kingine. Aliwahi kupokea wagonjwa waliokunywa maziwa yaliyovunda wakaomba mengine. Wote walikuwa na hitilafu ubongoni. Sasa alipomwona mwanamke anatafuna yai mbele ya usaha, mate yalimjaa mdomoni, naye hakujua kama ni ya kichefuchefu au ya uchu wa kazi.

"Mama, huoni kinyaa?"

"Cha nini, Daktari?" Mke alimtazama mumewe. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande mzima wa kulia. Mdomo umekwenda upande, ute unamtiririka hadi sikioni. Alimfuta kwa kidole kitupu. "Mtu akilala hivi ana kinyaa gani? Hana neno na mtu."

Dada wa mgonjwa alikuwa mlangoni, shingo ndani, miguu nje. "Wifi yangu ni malaika," alidakia. "Kaka ana bahati ya mtende. Mimi damu yake, lakini hapa nilipo tumbo linanipinduka."

"Habari njema ni kwamba ataruhusiwa karibuni," daktari alisema. "Kidonda kitapona, na mazoezi yamemsaidia. Mkono wa kulia umeanza kupata nguvu."

Mke aliacha kutafuna. "Wa kulia?"

"Mungu mkubwa!" wifi yake pale mlangoni alipiga makofi.

Mke aliufunga mkate uliobaki, akautia mkobani. Akaukaza mtandio shingoni, mtandio ambao pale wodini hakuna aliyewahi kumwona ameuvua, hata joto likichemka vipi.

"Ila kabla hatujakukabidhi mgonjwa," daktari aliendelea, "ningeomba nikupime wewe. Asiyeona kinyaa hatambui chakula kilichooza wala kidonda kinachoharibika. Nipige picha ya ubongo wako ukiwa unatazama vitu fulani. Itafaa utafiti wangu, na itatuhakikishia usalama wake."

"Na mkiukuta mbovu?"

"Basi hatutamleta kwako. Atakwenda kwa dada yake."

Wifi alipaliwa na mate. "Kwangu? Daktari, kwangu hata paka hana pa kugeukia!"

"Nipimeni," mke alisema. "Leo hii."

Daktari aliguswa moyo. Kumbe bado wapo wanawake wa namna hii, walio tayari kwa lolote ili wasitenganishwe na waume zao.

Katika chumba cha mashine, mke alivua hereni na bangili. Pete ya ndoa ilichomoka upesi kuliko vyote. Mtandio alikataa kuuvua, na kwa kuwa haukuwa na chuma, aliachwa nao. Akalazwa, akasukumwa ndani ya bomba, juu ya macho yake kikiwa kioo kidogo cha kuonyeshea picha.

Daktari na wifi walikaa upande wa pili wa ukuta wa vioo, mbele ya skrini mbili: moja ya picha, nyingine ya ubongo.

"Tazama pale ndani," daktari alisema. "Mtu akiona kinyaa, sehemu ile huwaka nyekundu. Namwonyesha uchafu mtupu, kisha naweka picha moja safi ya kupumzisha macho, sura ya mtu ampendaye, ili ubongo utulie."

"Ile niliyokupa," wifi alisema kwa fahari.

Choo kilichofurika. Ubongo ukabaki giza.

Mbwa aliyeoza, tumbo limepasuka, funza wanamwagika kama wali uliofurika sufuriani. Giza.

Mtu anakula, na ndani ya sahani yake kuna matapishi. Giza.

"Toba!" Wifi alijifunika uso kwa mkoba. "Zima, nitatapika mimi!"

"Hana," daktari alinong'ona. "Hana kabisa. Samahani, dada, itabidi kaka yako aje kwako."

Mara skrini ikawaka. Haikuwa ile sehemu ndogo peke yake. Wekundu ulitapakaa kama damu kwenye shuka. Kengele ya dharura ikalia, na kwenye kipaza sauti ikasikika sauti ya mtu anayetapika, anayetapika mkate, yai na nyongo.

"Umemwekea picha gani hiyo ya kutisha?" wifi aliuliza, uso bado mkobani. "Usinionyeshe! Lakini kama umewaka, si ndiyo mzima? Basi kaka arudi kwake."

Daktari aligeuka kuitazama. Kwenye skrini ya picha bwana harusi aliendelea kutabasamu, amenyolewa safi, suti nyeupe, ua kifuani, mkono wake wa kulia umeizunguka shingo ya bibi harusi.