Kidude Nyuma ya Kompyuta ya Padre

“Andika, mwanangu,” Padre Mkuu alisema. “Wewe ndiye bingwa wetu wa lugha ya programu ya C.”

Rosendo aliandika kwa uchaji. Programu ingeiuliza hifadhidata ya vifaa jina la kidude ambacho Rosendo mwenyewe alikuwa amekichomeka kwa siri nyuma ya kompyuta, ili zaburi zitoroke kwenye skrini katikati ya ibada. Mkosaji angefukuzwa shule na kupandishwa basi la kurudi Potosí, kwa mama yake.

“Umekwama, fundi?” mwanafunzi mwenzake aliyesimama kando alimchokoza.

Alibonyeza. Jibu likatokea: kipokezi cha kipanya kisicho na waya.

“Na kipanya chenyewe kiko wapi?” Padre aliuliza.

Kilikuwa kifuani, ndani ya sweta la Rosendo. Kila alipopumua, mshale ulicheza kwenye skrini.

Alibana pumzi. Mshale ukatulia.

Padre hakugeuka. Aliukodolea macho ule mshale, akangoja.