Shanga Kubwa ya Tasbihi

"Hivi mtu akizimia, mwenyewe huwa amekwenda wapi?" Jirani alimuuliza Daktari Nasra swali hilo zamani, akianika nguo, na miaka kumi na minane ya chumba cha dharura na utafiti wa ubongo ilikuwa haijampa jibu.

Sasa alisimama kando ya kitanda cha Mzee Ngwali, seremala aliyeanguka kutoka juu ya paa. Ilikuwa siku ya tisa hajafumbua macho, na Nasra alikuwa ameshika karatasi ya kumrudisha nyumbani akafie kwao.

"Mwanangu, kitazame kidole," alisema Bi Mize, mke wa mgonjwa. Alikuwa amemtia mumewe tasbihi mkononi, na kidole gumba kilikuwa kikisukuma shanga.

"Mkono hufanya hivyo wenyewe, Bi Mize. Hata mtoto mchanga hushika."

"Mtoto mchanga hajui pa kukomea."

Nasra akainama. Kidole kilipofika kwenye shanga kubwa, ile inayotenga kila shanga thelathini na tatu, kilisimama. Akairudisha tasbihi nyuma shanga tano. Zikapita tano, kikasimama. Akairudisha nane, akihesabu kimoyomoyo. Zikapita nane, kikasimama.

"Amemaliza Subhanallah," alisema Bi Mize. "Anangoja dhikri inayofuata."

Akamwinamia mumewe sikioni. "Alhamdulillahi."

Kidole kikatulia kidogo, kisha kikaivuka ile shanga kubwa.

Nasra aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatoka, kidole gumba chake kikihesabu kitu kisichokuwamo mkononi.