Dakika Tatu za Mwisho

Kidawa ndiye aliyeufufua muziki wa filamu moja ya zamani, bubu, ya majaribio, yenye vivuli vinavyopanda ngazi isiyo na mwisho. Santuri ya muziki huo ilikuwa imeharibika, dakika tatu za mwisho hazisikiki kabisa. Mama yake, Bi Mwanaharusi, ambaye ujanani alipiga kinanda filamu hiyo ilipoonyeshwa Tanga, alimwimbia dakika hizo akiwa amefumba midomo, naye Kidawa akazinukuu. Kazi ikasifiwa, muziki ukasajiliwa.

Kuanzia hapo ukawa kama muziki wowote uliosajiliwa: kuuimba kulitaka kibali. Kuta za nyumba zilisikiliza, na asiye na kibali akiuimba, mlango ulijifunga saa nzima.

Bi Mwanaharusi alinyimwa kibali kwa sababu hakuweza kutaja jina lake mwenyewe mbele ya karani wa usajili. Alikuwa amesahau karibu kila kitu isipokuwa wimbo ule, na aliuimba kutwa.

Alhamisi walikuwa na miadi ya hospitali. Miadi miwili ilikwisha kuwapita wakiwa wamefungiwa ndani. Kidawa alimvisha mama yake buibui, akamwongoza taratibu kuelekea mlangoni.

"Mama, nakuomba usiimbe. Hatua tano tu tutoke."

"Kwani mimi naimba, mwanangu?"

Hatua ya tatu, koo la mama likaanza wimbo. Kidawa akamziba mdomo kwa kiganja. Mama hakuusukuma mkono. Alimtazama bintiye kwa mshangao, na sauti ikaendelea kutetema chini ya vidole, bila kukosea popote.

Mlango ulikuwa bado wazi. Kidawa akakaza mkono.