Benchi la Mama Treni

Jumamosi moja Mzee Kasoro alipoingia getini bila mkewe, karani wa meza ya maoni aliweka kalamu chini. Kwa miaka sita wazee hao hawakukosa Jumamosi hata moja kwenye bustani ya michezo, na hawakuwahi kuja mmoja mmoja. Mke alipanda treni ndogo, kiti cha kwanza nyuma ya dereva, akiwapungia watu mkono kama mgeni wa serikali, ndiyo maana wafanyakazi wakamwita Mama Treni. Mume alibaki chini akitafuta makosa. Jina la Kasoro alilipata kwa jasho lake.

Karani alikuwa amemzika mama yake mwezi uliopita. Hakuhitaji kuambiwa. Alimwona mzee amesimama kando ya reli, mikono nyuma, akiitazama treni ikiondoka, na moyo ukamwambia yote. Akamsogelea, akamwamkia, akampa pole. Mzee akaitikia kwa kichwa, macho chini, akaomba kitabu cha maoni.

Tangu siku hiyo karani aliwaonya wenzake wote, kuanzia mkata tiketi mpaka mfagiaji: mtu asimwulize mzee habari za mama. Yeye mwenyewe alijua maswali yale yanavyokwaruza. Hakuna aliyeuliza.

Mzee aliandika. Kwamba farasi wa bembea ya kuzunguka wamebaki na masikio matatu, na farasi wenyewe ni wanane. Kwamba treni ikifika kona ya bwawa dereva hushuka kuisukuma, na abiria huombwa wafurahie mandhari. Kwamba rangi mpya imepakwa juu ya kutu, na kutu imeshaanza kuchungulia. Kwamba mkata tiketi huwajibu wateja huku anatafuna, na juu ya kichwa chake pana kibao kilichoandikwa "Tunahudumia kwa tabasamu". Kwamba kitasa cha choo cha wanawake kimefungwa kwa waya.

Hili la choo alilirudia kila wiki na kulipigia mstari, mpaka dereva wa treni akauliza mwanamume mzima anajulia wapi mambo ya choo cha wanawake. Karani akamkata jicho.

Chini ya kila ukurasa mzee alimalizia vilevile: "Naomba yawe tayari tarehe kumi mwezi wa nane. Ni siku yetu ya ndoa, miaka arobaini. Nimemwahidi mke wangu."

Mara ya kwanza kuyasoma hayo, karani alijifungia stoo akalia. Mama yake aliondoka ghafla, bila kumwachia hata ahadi ya kutimiza. Akaamua hii ya mzee itatimizwa. Akapeleka kitabu kwa meneja, mara ya kwanza, ya pili, ya tano.

Meneja hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kila ukurasa aliujibu kwa muhuri uleule: "Tunathamini maoni yako." Ukimbana, vipuri vilikuwa njiani, na vilikuwa njiani tangu mwaka juzi. Lakini mwezi wa saba, karani alipomweleza habari za msiba, meneja aliinuka kitini, jambo ambalo kutu yote ile haikuwahi kumfanyia.

"Mbona hukusema mapema, dada?" alisema. "Mtu kama huyo hataki kitasa. Anataka kutambuliwa."

Basi kazi ikaanza. Bustani iliyoshindwa kupata skrubu moja kwa miaka miwili ilipata mbao, saruji na seremala ndani ya wiki moja. Benchi likajengwa kando ya reli na kufunikwa kitambaa. Picha ya Mama Treni ikabanduliwa kwenye ubao wa picha za wateja, ikatiwa kioo, ikapigiliwa kwenye egemeo la benchi pamoja na maneno ya dhahabu: "Tutakukumbuka daima." Dereva naye, kwa heshima, akakifunga kamba kile kiti cha kwanza asikikalie mtu.

Jumamosi iliyofuata mzee aliandika: "Kiti cha kwanza kimefungwa kamba. Nacho kimeharibika nini?" Wafanyakazi waliposoma walitikisa vichwa. Uchungu, walisema, umeanza kumchanganya.

Tarehe kumi mzee alifika mapema, amevaa suti, viatu vinang'aa. Hakutazama benchi wala mapambo. Alikwenda upande wa choo cha wanawake, akautupia mlango jicho kwa mbali, akarudi uso umemshuka.

"Bado ni waya," alimwambia karani. "Sasa mwanangu, leo nitasema nini?"

"Baba, umehangaika vya kutosha. Atakuelewa."

"Wewe humjui," alisema mzee, akatazama saa yake.

Wafanyakazi wakamshika mkono, wakamsogeza mbele. Kitambaa kikavutwa. Meneja akasoma karatasi yake yote: huduma bora, alisema, haimwachi mteja hata anapotangulia mbele ya haki. Mzee alivaa miwani, akaitazama picha, akamtazama meneja, akafungua mdomo. Meneja, kwa sauti ya upole, akamwomba ajizuie, aungane na wenzake kwa dakika moja ya ukimya.

Vichwa vilikuwa vingali vimeinama Mama Treni alipopita getini na mkoba wake, akajipenyeza mpaka mbele, akajitazama kwenye picha, kisha akamwuliza meneja kama na ule mlango uliomfungia chooni saa nzima wameshautengeneza. Mpaka leo una waya. Kila Jumamosi yeye hukaa kwenye benchi lake, na akihitaji choo, karani huacha meza akaenda kumshikia mlango.