Jamu ya Siku ya Ukaguzi

Bwana Eustace alilamba kijiko, akatulia, kisha akaanza kutafuta mahali pa kutema. Kulia kulikuwa na kina mama, kushoto kulikuwa na kamera ya mradi. Akatema kwenye leso yake nyeupe, kwa heshima zote za mkaguzi aliyetumwa na makao makuu.

Jesca alitamani ardhi ya Mgeta ipasuke immeze. Jana alionja jamu ya stroberi ya kikundi hikihiki, akalamba hadi vidole. Ya leo ilikuwa na chumvi ya kukaushia samaki.

Jesca ndiye afisa mradi. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia kina mama hao wapate fedha za mfadhili, wanunue mashine ya kusindika, stroberi zisiendelee kuozea kwenye malori ya Dar. Basi akawafundisha. Jamani, aliwafundisha! Mnyororo wa thamani aliwafundisha, andiko la mradi aliwafundisha, hata kutabasamu mbele ya wageni aliwafundisha. Stroberi ziliendelea kuoza vilevile, ila sasa zilioza kitaalamu.

Maana kila mkaguzi alipokuja, balaa lilipanda naye mlima. Mwaka juzi jamu ilivunda kwenye chupa. Mwaka jana iliungua ikawa kama lami. Siku nyingine zote, wageni wasipokuwepo, ilikuwa tamu ya kugombea.

Wenzao wa Mlali hawakuwa na mikosi hiyo. Walifaulu mara moja tu, wakapewa mashine, na afisa wao Ignas akapewa cheti, akapigiwa makofi na kuagwa, maana kazi ilikuwa imekwisha. Siku hizi anauza vitunguu Dumila, kando ya barabara, na cheti chake. Bi Mwajuma, mwenyekiti wa kikundi cha Mgeta, hakuchoka kumuulizia. Jesca alimjibu kwa mkato, kwani hakupanda mlima wote ule kuja kuzungumzia vitunguu vya Ignas.

Alikuwa na lake la kumnyima usingizi. Makao makuu walishamwambia: safari hii kikundi kikishindwa, mradi unafungwa na yeye anaondoka. Ana mtoto, ana kodi ya nyumba Morogoro mjini, na kazi nyingine hana. Kina mama hakuwaambia neno. Walikuwa wakimpa kabichi na karoti kila aliposhuka mjini, wakimwita binti yao. Angeanzaje kuwatwisha na hofu zake?

Bwana Eustace alikunja leso, akauliza nani anasimamia ubora wa bidhaa. Alilitamka neno "ubora" kana kwamba nalo lina chumvi.

Bi Mwajuma alisimama, macho chini. "Ni mimi, baba. Tusamehe, sisi bado hatujaiva. Tunahitaji kufundishwa zaidi."

Kina mama wote wakaitikia kwa vichwa, kwa unyonge uliompendeza sana mpiga picha.

Mkaguzi akamvuta Jesca pembeni ya gari na kumweleza kwa upole wa watu wenye mishahara. Mradi unafungwa mwisho wa mwezi. Pikipiki airudishe ofisini, ikiwa safi. Amsalimie mtoto. Kisha gari likashuka mlima taratibu, Bwana Eustace akisukutua kinywa kwa maji ya chupa.

Jesca alikaa juu ya kreti tupu, akalia. Alilia kwa uchungu, bila kujificha, na kina mama wakasogea kando kumpa nafasi.

Bi Mwajuma alikuja na kipande cha mkate kilichopakwa jamu, akakaa naye, akamfuta uso kwa pindo la kanga. Jesca akamega kwa adabu tu. Jamu ilikuwa tamu, haina chumvi hata chembe. Akamgeukia yule mama, asielewe.

"Kula, mwanangu, usilie," Bi Mwajuma alimnong'oneza, akitazama kule gari lilikopotelea. "Ile chumvi tumetia wenyewe, kama mwaka jana tulivyounguza wenyewe. Mashine itangoja. Tungefaulu leo, wewe kesho ungekula wapi?"