Picha Nne za Ufa

Mkurugenzi alitoka kwenye chumba cha mazungumzo, tai imelegea, akaurudishia mlango taratibu.

"Injinia, zile picha umekuja nazo?"

"Ninazo."

"Nipe. Wewe kaa hapahapa, usiende popote."

Akampa zote nne. Nje, ndege ya kivita ilipita chini sana hadi glasi zikalia mezani. Ilikuwa siku ya tatu ya maonyesho ya ndege, na kila shirika lililotia saini mkataba wa kununua lilishangiliwa kama bwana harusi. Shirika lao lilikuja kuagiza ndege kumi, zile kubwa zenye njia mbili katikati ya viti.

Kwa miezi saba Injinia alikuwa ameandika ripoti ambazo hakuna aliyezijibu. Ndege moja ya aina hiyo walishaikodi, na karakanani aliona ufa, mwembamba kama unywele, kwenye chuma kinachoishikilia injini chini ya bawa. Wakakibadilisha chuma. Baada ya safari mia mbili, ufa ukarudi palepale. Ofisini wakamwambia macho yake yamechoka.

Rubani wa ndege hiyo alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, ambaye Injinia ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Asubuhi hiyo alikuwa amempigia simu.

"Dada, wakikupuuza usigombane nao. Utapoteza kazi bure."

"Kazi nitapata nyingine," alimjibu. "Wewe nitakupata wapi?"

Sasa, kupitia kioo cha mlango, alimwona muuzaji wa kiwanda kinachotengeneza ndege hizo, yule waliyembandika jina la Meno Nje kwa jinsi alivyokuwa akichekacheka tangu juzi. Leo alikuwa ameyafunika. Picha zilipangwa mbele yake, na Mkurugenzi alizigonga kwa kidole, moja baada ya nyingine, bila kupaza sauti.

Injinia alishusha pumzi. Kumbe ripoti zilisomwa. Kumbe mtu huyu, aliyekuwa akimpita kwenye korido kama hamwoni, alikuwa akisubiri kuwabana ana kwa ana.

Meno Nje alitoka na simu sikioni, akarudi, akatoka tena. Kola ilikuwa imelowa. Mara ya tatu akaja kusimama mbele ya Injinia.

"Mama, samahani. Nani mwingine anazo picha hizi?"

"Hakuna. Mimi si mtu wa kukimbilia magazetini. Nilitaka wakubwa wangu wajue, basi."

"Na kwenye kompyuta?"

Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yake. "Mpe, Injinia. Wanataka kuchunguza kila kitu."

Akampa kompyuta, na neno la siri akamwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa ili asikosee.

Saa ya kutia saini ikapita. Wapiga picha wakaanza kukunja miguu ya kamera zao. Mhudumu akaja akaondoa maua kwenye meza kuu, kisha bendera mbili ndogo. Injinia akamwandikia mdogo wake: "Nadhani hawasaini." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiganja kabla hayajaonekana.

Dakika arobaini baadaye mlango ulifunguka. Mtu alitoka mbio kuwaita wapiga picha, na mhudumu akarudi na maua yake. Meno Nje alitoka wa kwanza, meno yote nje. Taa zikawashwa, kalamu zikatolewa, watu wakapiga makofi. Injinia alisimama kwa sababu kila mtu alisimama.

Mkurugenzi alimfuata pale ukutani, akamshika bega, akamwinamia sikioni.

"Tumeondoka na kumi na mbili," alisema. "Zile mbili za ziada wametupa bure, Injinia, kwa ajili ya picha zako."