Usukani wa Gari la Harusi

Isidori alipofungua mlango wa Landrova asubuhi ile, alikuta nyaya zinaning'inia chini ya dashibodi kama utumbo wa kuku. Akashika usukani. Haukwenda kulia, haukwenda kushoto.

"Mzee," alimwita mwenye nyumba. "Kuna mtu alitaka kuiba gari."

Mzee Bura alitoka na kikombe chake cha chai, akalizunguka gari. Lilikuwa gari la shamba la ngano, lililoombwa kwa ajili ya harusi ya binti yake, Hilaria. Isidori, dereva wa gari hilo, alikuwa amelileta Masakta jana yake jioni akalala hapo, ufunguo chini ya mto.

"Litakwenda?" mzee aliuliza.

"Usukani umejifunga. Ukiuzungusha bila ufunguo, unajifunga wenyewe. Na huyu ameuvuta kwa nguvu mpaka umekaza."

"Padri anaondoka kanisani Nangwa saa sita. Binti asipofika, ndoa itangoja mpaka baada ya mavuno."

Hilo wote walilijua. Bwana harusi, karani mmoja wa Katesh, alikuwa amekwisha kutoa mahari. Ng'ombe wake walikuwa wamelala pale zizini, wanacheua.

Yoakimu, kaka yake Hilaria, aliinama akazitazama zile nyaya. "Mwizi gani huyu?"

"Ni mtu wa trekta," alisema Isidori. "Trekta zetu zimepoteza funguo zamani. Tunagusanisha nyaya, zinawaka. Na usukani wa trekta haujifungi. Mtu wa magari asingefanya kosa hili."

"Basi ni Tluway," Yoakimu alisema, akaenda kutafuta fimbo yake.

Tluway alikuwa dereva wa trekta huko shambani. Alimtaka Hilaria, na mzee alimkatalia tangu siku alipowakuta wawili hao katikati ya shamba, wamebanana kwenye kiti kimoja, na trekta inakwenda.

"Iweke hiyo fimbo," alisema Mzee Bura. "Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini nikimpata, nitamfunga jembe alime yeye."

"Hujamwona, kwa hiyo kaa. Kwanza gari."

Hilaria alitoka ndani. Alikuwa amekwisha kuvaa gauni jeupe, lakini nywele zilikuwa nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Nyuma yake alikuja Shangazi Juliana ameshika shela.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Kaka Isidori, habari za asubuhi? Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka, dada. Nenda kamalizie nywele."

"Nywele zitangoja. Padri hangoji."

Shangazi Juliana alicheka. "Mwezi mzima huyu analia hataki kuolewa. Leo ndiye anayetuharakisha."

"Ndivyo wanavyokuwa," alisema Mzee Bura, akanywa chai yake kwa furaha.

Isidori aliketi, akaingiza ufunguo. Aliutikisa usukani kidogo kidogo huku na huku. Hilaria alikunja mkia wa gauni mkononi asiuchafue, akasimama dirishani.

"Kwa nini unautikisa?"

"Kuna chuma ndani kimebanwa. Ukilazimisha, kinabana zaidi. Unatikisa polepole kwa mkono huu, na kwa mkono huu unageuza ufunguo. Ni kama kukamua ng'ombe asiyekuzoea. Ukitumia nguvu, anakunyima."

"Kwa pamoja? Mikono yote miwili?"

"Kwa pamoja. Na sikiliza mpaka chuma kiachie."

Walisikiliza wote, hata Yoakimu. Kitu kikalia ndani, kidogo tu, kama punje ya hindi inapovunjika. Usukani ukalegea.

Isidori alirudisha nyaya mahali pake, akawasha. Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikakubali. Wanawake waliokuwa jikoni wakapiga vigelegele.

"Usilizime," Hilaria alisema haraka. "Lisije likagoma tena."

"Binti yako ana akili, mzee," alisema Isidori.

Shangazi Juliana alipanda nyuma na shela yake na kikapu cha maandazi. Hilaria alipanda mbele, kwa sababu gauni lingekunjamana huko nyuma. Akazichana nywele zake kwa vidole, akasema hivyo hivyo zinatosha. Isidori alikuwa tayari kuondoka, lakini Mzee Bura alikuwa anamtazama mikono.

"Kwa grisi hiyo ndiyo unampeleka bibi harusi kwa padri?"

"Mzee, muda."

"Kanawe. Na unywe chai. Kwangu haondoki mtu na njaa."

Isidori alimtazama Hilaria, kana kwamba anaomba msaada.

"Nenda tu, kaka," alisema Hilaria. "Baba akishasema."

Isidori alivuta breki ya mkono, akashuka. Yoakimu alimmiminia maji kwa kata. Sabuni ilikuwa bado inatoa povu aliposikia gia inaingia, taratibu, bila kukwaruza. Aliinua kichwa. Mlango wa dereva ulikuwa umefungwa, na Landrova ilikuwa inapita kando ya zizi, ng'ombe wa mahari wakiisindikiza kwa macho. Ilifika njia panda. Njia ya Nangwa ilikuwa kulia. Gari likakata kushoto, likashika njia ya mashamba ya ngano, vumbi likapanda.

Shangazi Juliana alikumbatia kikapu kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashika bomba la kiti.

"Hilaria, mwanangu," alisema, "umejifunza lini kuendesha gari?"

"Gari bado, shangazi. Naendesha trekta. Hili nililijaribu alfajiri, likajifunga."